Kwa Nini Nyuki Wetu ni Wakali: Urithi, Mazingira na Wajibu wa Mfugaji

Wahenga walinena kuwa ukifuata nyuki utakula asali. Hawakusema kuwa utaila bila kuumwa. Katika kata zetu, kuanzia vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi miinuko ya Kalinzi na misitu ya miombo iliyo bara, mzinga wa nyuki ni mali na ni hatari kwa wakati mmoja. Unaipa kaya asali, nta na fedha ya ada ya shule. Lakini mzinga uo huo, ukiwekwa mahali pasipofaa au ukishughulikiwa kwa pupa, waweza kujeruhi mtoto, kuua mbuzi aliyefungwa kamba, au kuzua ugomvi kati ya majirani ambao hautatuliki upesi.

Kutokana na hali hiyo, maswali matatu huulizwa mara kwa mara. La kwanza, je, ukali wa nyuki wetu ni wa kuzaliwa, au hutokana na namna wanavyotunzwa? La pili, je, ukali huo waweza kupunguzwa? La tatu, kwa nini tusiagize nyuki wapole kutoka nchi za nje? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kufuata yale ambayo elimu ya vinasaba imekwisha kuyathibitisha, kisha yanaeleza mambo ambayo mfugaji na jirani yake wanaweza kuyatenda.

Nyuki tulio nao

Nyuki wanaouma wa Tanzania na nyuki wapole wa Ulaya ni wa spishi moja, iitwayo Apis mellifera. Wanaweza kuzaliana. Tofauti yao ni ya jamii ndani ya spishi, kama ilivyo tofauti kati ya ng'ombe wenye pembe ndefu na wale wa maziwa. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, alieleza jamii mbili zilizo tofauti na nyuki wa nyika: nyuki wa pwani ya Bahari ya Hindi, waitwao litorea, na nyuki weusi wa milimani, waitwao monticola, ambao hupatikana katika milima kama Kilimanjaro na Meru. Nyuki wa nyika na wa miombo, ambao ndio tulio nao Kigoma, huitwa scutellata. Miongoni mwa hao watatu, nyuki wa milimani wanajulikana kwa upole, na nyuki wa nyika wanajulikana kwa ukali.

Ukali huo una sababu yake. Kwa maelfu ya miaka nyuki wa Afrika wameishi na maadui wengi: nyegere avunjaye mizinga, siafu, sokwe wapendao asali, na mwanadamu ambaye zamani alikata mti au kuchoma kundi zima ili apate masega. Kundi lililochelewa kujilinda lilipoteza asali na watoto wake, na halikuacha uzao. Kundi lililojibu haraka lilibaki hai, likatoa makundi mapya, na tabia yake ikaendelea. Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Adui mkubwa wa nyuki alikuwa majira marefu ya baridi, na wafugaji kwa karne nyingi walihifadhi makundi yaliyokuwa rahisi kuyashika. Pande zote mbili uchaguzi ulifanyika. Upande mmoja ulifanywa zaidi na maadui, upande mwingine zaidi na majira na mikono ya watu.

Ushahidi kutoka ng'ambo ya bahari

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu urithi wa ukali unaihusu nchi yetu moja kwa moja. Mwaka 1956 mtaalamu wa vinasaba wa Brazil, Warwick Estevam Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika na kuwapeleka nchini kwake. Nyuki wa Ulaya waliokuwa wakifugwa Brazil hawakufanya vizuri katika joto la nchi hiyo, naye alitaka kuwachanganya na nyuki wa Afrika ili apate uzao wenye kuzalisha zaidi. Mwaka 1957, karibu na mji wa Rio Claro, makundi 26 yalitoroka kutoka katika mizinga ya majaribio.

Nyuki hao walichanganyika na wale wa Ulaya na kuenea pande zote. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1990 walifika Texas, nchini Marekani, baada ya kuvuka bara karibu lote. Jambo la kuzingatia ni hili: mimea ilikuwa mingine, hali ya hewa nyingine, maadui wengine na wafugaji wengine, lakini ukali ulibaki kizazi baada ya kizazi. Kama tabia hiyo ingetokana na mazingira peke yake, ingepotea njiani. Ilibaki kwa kuwa ilibebwa katika damu.

Watafiti walipima jambo hili kwa njia rahisi. Kipande cha ngozi nyeusi huning'inizwa na kutikiswa mbele ya mlango wa mzinga kwa muda maalumu, kisha miiba iliyobaki katika ngozi huhesabiwa. Nyuki wenye asili ya Afrika hujibu mapema zaidi, hutoka wengi zaidi, na huacha miiba mara kadhaa zaidi ya nyuki wa Ulaya. Mwaka 1998 Greg Hunt na wenzake walitumia vipimo vya namna hiyo na kuonyesha sehemu kadhaa za vinasaba zinazohusiana na tabia ya kuuma. Hakuna kinasaba kimoja cha ukali. Vipo vingi, na kila kimoja kina mchango wake.

Huku Afrika Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha nyuki wa misitu ya milimani na wale wa nyika nchini Kenya. Kwa sehemu kubwa vinasaba vyao vilifanana mno. Tofauti kubwa ilikuwa katika vipande vichache, hasa katika kromosomu ya 7 na ya 9. Maana yake ni kwamba tofauti za kimaisha, upole ukiwa mojawapo, zaweza kushikiliwa na sehemu ndogo ya urithi wote.

Dume asiye na baba

Ili mfugaji aelewe namna ya kupunguza ukali, sharti aelewe namna nyuki anavyozaa. Malkia hutaga mayai ya aina mbili. Yai lililorutubishwa huwa nyuki jike, ambaye akilishwa chakula cha kimalkia huwa malkia, vinginevyo huwa kibarua. Yai lisilorutubishwa huwa dume. Kwa hiyo nyuki dume hana baba, ingawa ana babu upande wa mama. Ana kromosomu 16 tu, ilhali kibarua na malkia wanazo 32, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba.

Malkia kijana hutoka mzingani siku chache baada ya kuzaliwa, akapanda angani na kujamiiana na madume wengi, kwa kawaida kati ya 10 na 20, wanaotoka katika mizinga na mapango ya mbali. Kisha hurudi na kuhifadhi mbegu zao kwa maisha yake yote. Kwa sababu hiyo mzinga mmoja una mabinti wa baba wengi, wenye tabia zisizolingana. Wapo walio wepesi wa kulinda mlango, wapo walio wepesi wa kutafuta chavua, wapo walio wapole.

Hata hivyo wachache walio wakali hutosha kuamsha mzinga mzima. Nyuki akiuma hutoa harufu ya hatari, inayofanana na harufu ya ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaita wengine na kuwaonyesha mahali pa kuuma. Ndiyo maana mtu aliyeumwa mara moja, asipoondoka, huumwa mara nyingi zaidi mahali pale pale.

Hapa pana habari njema kwa mfugaji. Kibarua huishi wiki chache tu, lakini malkia huishi zaidi ya mwaka mmoja. Ukibadili malkia wa mzinga mkali kwa malkia aliyetoka katika uzao mpole, baada ya miezi miwili hivi vibarua wa zamani watakuwa wamekwisha, na tabia ya mzinga itakuwa ya mabinti wa malkia mpya. Mzinga ni ule ule, mti ni ule ule, lakini nyuki si wale.

Urithi hausimami peke yake

Ingekuwa makosa kuhitimisha kuwa kila kitu kimeandikwa katika vinasaba. Watafiti walipowahamisha nyuki wachanga kutoka mizinga mipole na kuwalea katika mizinga mikali, nyuki hao walikuwa wakali kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Waliohamishwa kutoka mizinga mikali kwenda mipole, nao walipungua ukali. Mwaka 2009 ilionekana kuwa harufu ya hatari hubadili utendaji wa vinasaba katika ubongo wa nyuki kwa namna inayofanana na ile ya urithi wenyewe. Kwa maneno mengine, mzinga unaosumbuliwa mara kwa mara hujifunza kuwa mkali.

Jambo hili si la nyuki peke yao. Wafugaji wa nguruwe wanalifahamu kwa namna yao. Nguruwe wasiofahamiana wakiwekwa zizi moja hupigana, hasa katika siku mbili za mwanzo, mpaka wajue nani yuko juu ya nani. Watafiti wa Ulaya walihesabu mikwaruzo katika ngozi za maelfu ya nguruwe baada ya mapambano hayo, wakalinganisha koo zao. Walikuta kwamba takriban theluthi moja, na pengine pungufu, ya tofauti kati ya mnyama na mnyama ilielezwa na urithi. Sehemu iliyobaki ilitokana na mambo kama nafasi ya zizi, chakula, na namna wanyama walivyochanganywa. Funzo ni moja kwa mfugaji wa nguruwe na wa nyuki: chagua mbegu njema, lakini usitegemee mbegu ikufanyie kazi ya utunzaji.

Kwa nyuki, mambo yanayowasha hasira yanajulikana: mtikisiko wa ardhi na kelele za mashine, nguo nyeusi au zenye manyoya, harufu ya jasho na manukato, pumzi inayopulizwa mlangoni mwa mzinga, joto kali la mchana, na njaa wakati maua yamekwisha. Kundi linaloning'inia katika tawi likiwa safarini huwa pole, kwa kuwa halina asali wala watoto wa kulinda. Kundi hilo hilo, likishajenga masega katika dari la shule, huwa jingine.

Je, tuagize nyuki wapole?

Wapo wanaopendekeza kuleta malkia wapole kutoka Ulaya. Pendekezo hilo linaeleweka, lakini halifai, kwa sababu tatu.

Kwanza, malkia mgeni angejamiiana hapa na madume wa hapa, na katika misitu yetu nyuki wa porini ni wengi kuliko wa mizingani. Uchunguzi wa machotara umeonyesha kuwa mabinti waliozaliwa na baba mwenye asili ya Afrika huwa wakali zaidi ya inavyotazamiwa kwa chotara wa nusu kwa nusu. Upole ulioagizwa kwa fedha nyingi ungetoweka katika vizazi vichache.

Pili, nyuki wa nje wanaweza kuleta maradhi. Utitiri uitwao varroa umeangamiza mizinga mingi sana Ulaya na Marekani. Ulipogunduliwa nchini Kenya mwaka 2009, ulitarajiwa kuleta maafa. Lakini nyuki wa Afrika Mashariki wamestahimili vizuri bila dawa. Ustahimilivu huo ni hazina, nao upo katika damu ile ile tunayoilalamikia.

Tatu, ukali wenyewe una faida. Mzinga mkali hauibiwi kwa urahisi. Nchini Kenya wakulima hutundika mizinga kuzunguka mashamba ili kuzuia tembo, ambao huwaogopa nyuki.

Brazil ilipitia njia ngumu, kisha ikajifunza. Wafugaji wake hawakurudi kwa nyuki wa Ulaya. Walihamisha mizinga mbali na makazi, wakavaa mavazi ya kinga, na wakazidisha malkia wa mizinga iliyo mipole zaidi. Leo Brazil inauza asali nje ya nchi kwa wingi, na asali hiyo hutengenezwa na wajukuu wa nyuki wetu. Katika kisiwa cha Puerto Rico, ambako nyuki hao walifika mwaka 1994, uzao wao umekuwa mpole katika muda mfupi huku ukihifadhi asili yake ya Afrika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mabadiliko hayo yaligusa sehemu nyingi za urithi. Kisiwani maadui wa nyuki ni wachache na watu ni wengi. Mizinga mikali iliondolewa, mipole ikaachwa. Sisi hatuko kisiwani, kwa hiyo mabadiliko yetu yatakuwa ya polepole. Lakini mwelekeo ni ule ule.

Mambo ya kutenda

Mfugaji anaweza kuanza na daftari. Kila mzinga upewe namba, na kila unapofunguliwa yaandikwe mambo matatu: kiasi cha asali, idadi ya miiba iliyopigwa katika glavu, na hatua ngapi nyuki walimfuata mfugaji baada ya kazi. Baada ya misimu miwili, mizinga iliyo mipole na yenye asali itajulikana pasipo kubahatisha. Hiyo ndiyo igawanywe ili kuzalisha makundi mapya. Mizinga iliyo mikali kupita kiasi ibadilishwe malkia, au ipelekwe mbali zaidi na watu. Isiwe chanzo cha makundi mapya.

Kazi hii haimfai mtu mmoja. Kwa kuwa malkia hujamiiana na madume wa jirani, mfugaji anayechagua vizuri peke yake atavutwa nyuma na mizinga ya wenzake. Kikundi cha kijiji kikikubaliana, kila mwanachama akazidisha mizinga yake iliyo mipole, madume wapole watakuwa wengi angani na kila mmoja atafaidika.

Kuhusu mahali, manzuki iwe mbali na nyumba, shule, njia za watu, visima na malisho. Umbali wa mita 300 au zaidi, penye miti au kichaka kinachowalazimu nyuki kuruka juu, ni tahadhari nzuri. Maji yawekwe karibu na mizinga ili nyuki wasiende kutafuta visimani. Asali irinwe jioni, kwa bomba la moshi lenye moshi baridi, mavazi ya kinga na mikono isiyo na pupa. Moshi hufunika harufu ya hatari na huwafanya nyuki kujaza asali matumboni. Moto wa kuchoma hauhitajiki: huua kundi, huharibu asali na mara nyingi huteketeza msitu. Kabla ya kurina, majirani wajulishwe, watoto waingizwe ndani na mifugo iliyofungwa ihamishwe. Mnyama aliye katika kamba hawezi kukimbia.

Nyuki wakishambulia

Ondoka upesi, funika uso na kichwa, ingia ndani ya nyumba au gari na ufunge. Usiwapige kwa mikono. Wakazi wa mwambao wasikimbilie kujitosa ziwani: nyuki husubiri juu ya maji, na aliyechoka au asiyejua kuogelea anaweza kuzama. Ukishafika mahali salama, ng'oa miiba mara moja kwa kucha au kwa namna yoyote iliyo ya haraka, kwa kuwa mfuko wa sumu huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi.

Mtu anayevimba uso au ulimi, anayepumua kwa shida, anayezimia, au aliyeumwa mara nyingi, hasa mtoto na mzee, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Mwenye mzio anaweza kufa kwa mwiba mmoja.

Mwananchi akiona kundi limeingia katika dari, shimo la ukuta au mti wa karibu na shule, asilichome wala kulipiga mawe. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ili Afisa Nyuki wa Wilaya ajulishwe na kundi lihamishwe na mtu mwenye ujuzi. Vikundi vinavyotaka mafunzo ya kugawa mizinga na kuzalisha malkia vipeleke maombi kwa njia hiyo hiyo. Ufugaji nyuki unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na mwenye mzinga ana wajibu kwa jirani yake kama alivyo mwenye ng'ombe.

Nyuki wa Kigoma hatageuka kuwa mpole kwa msimu mmoja. Lakini kila mfugaji anapoamua ni mzinga upi augawe na upi asiugawe, anachagua nyuki ambao watoto wake watawarithi. Uchaguzi huo unafanyika hata tusipoutambua. Ni heri ufanyike kwa daftari na makubaliano kuliko kwa bahati.